Kuuzwa Mto Uteremkako

Katika Kiingereza cha Wamarekani mna msemo wa mitaani usemao "sell down the river". Maneno yake ni mepesi, na mwanafunzi wa skuli aweza kuyafasiri moja moja bila ya kufungua kamusi: kuuza, chini, mto. Lakini akiyaunga pamoja atapata "kuuza chini ya mto", na hapo atakwama, kwani chini ya mto, kwa Kiswahili, ni kwenye matope na kambare, wala hakuna soko huko.

Kamusi zitamtoa kwenye matope hayo. Zitamwambia kwamba maana yake ni kumsaliti mtu aliyekuamini, nawe ukapata faida kwa hasara yake. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi akitia sahihi mkataba unaowapunguzia wenzake mishahara, ilhali yeye amekwisha kuhakikishiwa nafasi yake, watasema amewauza mtoni. Mshirika wa biashara akizitoa siri za mwenzake kwa mshindani, naye kamuuza mtoni. Msemo huu husikika maofisini, katika siasa na katika viwanja vya michezo, na umekwisha kuvuka bahari. Waingereza nao huutumia. Aghalabu husemwa kwa hasira, mara nyengine kwa mzaha, na asemaye huwa hana mto wowote akilini mwake.

Mfasiri mwenye haraka ataandika "kusaliti" na kuendelea na safari yake. Hakukosea. Ila ameuacha nyuma mto wa kweli, wenye jina na wenye bandari zake, na watu waliosafirishwa juu ya maji yake hawakuwa wakisema kwa mfano.

Kiingereza kina tabia ya kukifungia kitenzi kijineno cha mwelekeo, mfano wa juu, chini au nje, na kijineno hicho kikaigeuza maana nzima. Kitenzi cha kuuza kina jamaa wengi wa namna hiyo. Wakikifungia "out", maana huwa ni bidhaa kumalizika dukani, au mtu kuitupa imani yake kwa ajili ya fedha. Wakikifungia "off", ni kuuza kitu ili kiondoke mikononi, mara nyingi kwa bei ya hasara. Wakikifungia "up", kwa Waingereza, ni kuuza nyumba na kila kilichomo kisha kuhama. Kiswahili hakitegemei mikia ya aina hiyo. Kazi hiyo hukifanyia ndani ya kitenzi chenyewe, kwa mnyambuliko: uza, uzwa, uzia, uziana, uzika. Kwa hiyo anayetaka kuuhamisha msemo huu hapana budi ajue kwanza hicho kijineno cha "chini" kilikuwa kikielekea wapi, ndipo akitafutie makao. Na kilikuwa kikielekea mahali khasa, panapoonekana katika ramani.

Mwishoni mwa karne ya 18 watumwa wengi wa Marekani walikuwa katika majimbo ya Virginia na Maryland, nchi ya tumbaku, ambako ardhi ilikwisha kuchoka. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kutenga pamba na mbegu zake. Kazi iliyokuwa ikimaliza siku nzima ya mikono sasa ikawa nyepesi, na pamba ikawa mali. Mashamba mapya yakafunguliwa kusini, Alabama, Mississippi na Louisiana, na mashamba hayo yalitaka watu. Tangu tarehe 1 Januari 1808 sheria ilikataza kuingiza watumwa kutoka nje ya nchi. Wenye kutaka watu ikawa hawana budi kuwanunua humo humo ndani, kutoka kwa wale wa kaskazini waliokuwa nao kupita haja yao. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya mwaka 1790 na 1860 watu wapatao milioni moja walihamishwa hivyo, wengine na mabwana zao waliohama, na wengi kwa mikono ya wachuuzi.

Baadhi yao walikwenda kwa miguu, wamefungwa minyororo wawili wawili, mwendo wa wiki nyingi. Baadhi walipakiwa katika marikebu kwenye bandari za Alexandria, Baltimore na Norfolk, wakazungushwa kwa bahari mpaka New Orleans. Na wale wa Kentucky na Missouri waliteremshwa kwa mto. Mto Ohio unapita kando ya Louisville na kumwagikia katika Mississippi. Mississippi nao unateremka kupita Natchez, palipokuwa na soko kubwa la watu, hadi New Orleans, palipokuwa na soko kubwa zaidi. Meli za moshi zilizochukua abiria, barua na magunia, zilichukua na watu wa kuuzwa. Hiyo ndiyo "chini" ya msemo huu: chini uelekeako mkondo.

Kwa nini basi kuuzwa chini kukatisha zaidi ya kuuzwa kwengine? Mtumwa wa Kentucky alikuwa ni mtumwa tangu hapo. Kuuzwa hakukumtoa katika uhuru. Lakini pale alipokuwa alikuwa na mke katika shamba la jirani, au mama, au mtoto aliyemwona siku ya Jumapili. Aliyeuzwa kwa jirani aliweza kurudi usiku kwa miguu. Aliyeteremshwa mto hakurudi. Huko kusini, kwenye pamba na miwa, kazi ilikuwa ya kuua, homa zilikuwa nyingi, na mpaka wa majimbo huru, ambao kwa mtu wa Kentucky ulikuwa ni upana wa mto Ohio tu, ulikuwa umebaki mbali mno. Ndiyo maana bwana mwenye kujiona mpole, asiyependa kushika kiboko, aliweza kuwatawala watu wake kwa tishio hilo peke yake.

William Wells Brown, aliyezaliwa mtumwa huko Kentucky, aliiona safari hiyo kwa macho yake. Katika ujana wake bwana wake alimkodisha kwa mchuuzi wa watumwa aliyewateremsha watu kutoka Missouri hadi New Orleans. Katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa Boston mwaka 1847, ameeleza kazi aliyopewa ndani ya meli: kuwanyoa wazee ndevu, kuwang'oa mvi, na mvi zikizidi kuzipaka rangi nyeusi, ili mnunuzi aambiwe umri mwengine. Huko sokoni watu waliamrishwa kucheza ngoma ili waonekane wachangamfu, na yeye ndiye aliyewachezesha, hali machozi yangali mashavuni mwao. Alitoroka mwaka 1834, akaja kuwa mwandishi wa riwaya na tamthilia. Ni jambo la kutafakari kwamba mmoja katika waandishi wa mwanzo weusi wa Marekani aliujua mto huo, si kwa kusimuliwa, bali kwa kuwa mikono yake ililazimishwa kuifanya kazi yake.

Hata hivyo yote haya yangekuwa ni habari ya ukatili tu, na msemo wenyewe hauna maana ya ukatili. Una maana ya usaliti. Usaliti umeingia wapi? Umeingia kwa muuzaji. Mtu hakuteremshwa mto na adui aliyemteka vitani. Aliteremshwa na bwana aliyemjua kwa jina, pengine aliyelelewa pamoja naye, pengine aliyemuahidi kwamba hatamuuza kamwe. Katika riwaya ya Harriet Beecher Stowe, Uncle Tom's Cabin, iliyotoka kwa sura ya kitabu mwaka 1852, Tom anauzwa na bwana mwema, mwenye madeni, ambaye alikwisha kumuahidi uhuru. Mchuuzi anakuja baadaye. Jeraha limetangulia, nalo limetoka nyumbani.

Aliyelifikisha jambo hili mwisho wake ni Mark Twain. Yeye alikulia Hannibal, mji wa Missouri ulio kando ya Mississippi, na kabla ya kuwa mwandishi alikuwa rubani wa meli za moshi katika mto huo. Katika Adventures of Huckleberry Finn, Jim anatoroka baada ya kusikia kwamba bi mkubwa wake ametajiwa dola 800 na anakusudia kumuuza New Orleans. Lakini ni katika Pudd'nhead Wilson, ya mwaka 1894, ndipo mto unapokuwa kiini cha hadithi. Bwana mmoja ameibiwa fedha kidogo nyumbani. Anawakusanya watumwa wake, anawapa dakika moja, na kuwaambia kwamba mwizi asipojitaja wote watauzwa mtoni. Watatu wanaungama papo hapo. Naye anawauza pale pale mjini badala ya kusini, na kwa kitendo hicho anajiona mkarimu kiasi cha kukiandika katika kitabu chake cha kumbukumbu, ili mwanawe aje akisome.

Roxana, kijakazi wa nyumba hiyo, hakuiba. Lakini usiku ule anatambua kwamba mwanawe mchanga naye aweza kuteremshwa mto siku yoyote itakayompendeza bwana. Anambadilisha na mtoto wa bwana, kwani wote wawili ni weupe wa sura na wa umri mmoja. Mwanawe anakua kama bwana, anakuwa mcheza kamari, anajaa madeni. Roxana, ambaye kwa wakati huo amekwisha kuachwa huru, anajitolea auzwe tena utumwani ili fedha zimuokoe mwanawe, kwa sharti kwamba auzwe upande wa juu, kwenye mashamba madogo. Mwana anakubali. Anaandika hati ya uongo, na anamuuza mamaye kwa mwenye shamba la pamba la Arkansas, chini ya huko.

Hakuna aliyemwambia Roxana. Lakini alipata kufanya kazi miaka minane katika meli za moshi, na maji ya mto alikuwa akiyajua. Amekaa juu ya meli usiku, anatazama mahali gogo lililozama linapoyapasua maji, na kwa jinsi maji yanavyopasuka anaona mkondo unakwenda upande gani, na meli inakwenda upande gani. Hapo ndipo anapofahamu amefanywa nini, na ni nani aliyemfanya. Katika ukurasa huo maana mbili za msemo, ya biashara na ya usaliti, zinakutana katika kifua cha mtu mmoja. Aliyeuzwa ni mama, muuzaji ni mwana, na kilichouzwa ni ile imani iliyomfanya mama akubali kuuzwa.

Msemo ulianza kutumika kwa mfano tu, bila ya mtumwa wala meli, na kuenea katika lugha ya mitaani katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Utumwa ulikwisha kufutwa kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 1865. Lakini waliogawanywa na mto walikuwa bado wakitafutana. Gazeti la Southwestern Christian Advocate, la New Orleans, lilikuwa na safu ya "marafiki waliopotea", ambamo watu waliandika majina ya mama zao na ndugu zao, jina la bwana wa zamani, mji walikouzwa na mnunuzi aliyewachukua, na wachungaji waliombwa wayasome matangazo hayo makanisani. Safu hiyo ilianza katika miaka ya 1870 na kuendelea mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo vizazi viwili vilikutana katika lugha moja: mmoja ukiuliza nani amemwona mama yangu aliyeuzwa akateremshwa mto, na mwengine ukianza kusema kwa wepesi kwamba fulani kaniuza mtoni katika biashara ya bima.

Wamarekani wana na mto mwengine katika misemo yao, na huo nao humpoteza mfasiri. Mtu akipelekwa "juu ya mto", yaani "up the river", amepelekwa gerezani. Huo si Mississippi, bali ni Hudson: waliohukumiwa mjini New York walipandishwa mto huo kiasi cha kilomita 50 hadi gereza la Sing Sing. Mito miwili, mielekeo miwili, na kila mmoja una watu wake. Mfasiri asiyeuliza mto gani atamtia gerezani aliyesalitiwa, na atamfanya mtu wa kusikitikiwa yule aliyeiba.

Sasa Kiswahili kina nini cha kumpa? "Kusaliti" kuna uzito, lakini hakuna bei. Msaliti aweza kusaliti kwa woga au kwa chuki, asipate hata senti. "Kuuza" kunakaribia zaidi. Washabiki husema fulani kauza mechi, na mtu aliyetolewa kafara na mwenzake husema, "Kaniuza." Hapo bei ipo na usaliti upo, ila mto haupo. Lugha ya vijana ina "kumpiga mtu chini", yaani kumwacha au kumfukuza, na ina "kumtosa". Hili la pili lastahili kutazamwa, kwa kuwa nalo limetoka majini: kutosa ni kutupa kitu ndani ya maji kizame. Leo msichana aliyeachwa na mchumba wake husema katoswa, naye hafikirii bahari, kama vile Mmarekani wa ofisini asivyofikiria Mississippi. Lakini mwenye kutosa hapati kitu. Anatua mzigo tu. Mwenye kuuza mtoni anahesabu fedha. Na wahenga walikwisha kuona kwamba adui wa namna hiyo hatoki mbali: kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii imebeba nusu ya maana vizuri kuliko neno lolote moja, ingawa nayo haikutaja bei.

Na ikiwa ni habari ya nguo, basi habari za mto huo ziliwahi kufika Unguja, bila ya kujulikana kuwa ni zake. Mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, na mwaka 1837 balozi mdogo wake wa kwanza, Richard Waters, aliwasili kutoka Salem, Massachusetts. Wafanyabiashara wa Salem walinunua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi, na walicholeta zaidi ni nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Watu wa pwani waliiita merikani. Ilipendwa kwa ugumu wake, ikachukuliwa na misafara hadi bara, na huko ikawa kama fedha, yenye kununua pembe na yenye kununua watu. Mjini Unguja watumwa wenyewe walivaa merikani na kaniki. Na pamba ya viwanda vile ilitoka kusini mwa Marekani, katika mashamba ya wale walioteremshwa mto. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861 na pamba ikaadimika, nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika nafasi ya ile ya Salem, lakini jina la merikani likabaki.

Mtumwa wa Louisiana aliichuma, mtumwa wa Unguja aliivaa, na baina yao mtu wa tatu alinunuliwa kwayo huko bara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa kisheria ikafutwa huko mwaka 1897. Merikani ikabaki kuwa jina la kitambaa, kama mto ulivyobaki kuwa jina la hila. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuwashangaa Wamarekani kwa kusahau kilichomo ndani ya msemo wao.

Wako leo Wamarekani wanaouepuka msemo huu kwa heshima ya walioteremshwa, na wako wanaosema kwamba neno lililokwisha kusahau kwao halimdhuru mtu. Mfasiri hakuitwa kuamua ugomvi huo, lakini kalamu yake huamua kila mara inapogusa karatasi. Yumkini njia ya haki ni kumsikiliza asemaye. Akiwa ni karani aliyenyimwa cheo, naye hajui mto wala meli, "kaniuza" latosha, na kumbebesha Mississippi nzima ni kumpa kumbukumbu ambayo hana. Lakini akiwa ni Roxana, au Jim, au Brown, basi "kusaliti" ni wizi. Hapo Kiswahili hakihitaji mkia wa Kiingereza, kwa kuwa mnyambuliko wake waweza kuyasema yote: aliuzwa, akateremshwa mto. Kuteremka ni kwa mwenye hiari. Kuteremshwa kuna mkono wa mtu nyuma yake.

Kazi iliyobaki ni ya kujua ni nani anayesema, na katika kurasa za kitabu hilo halielezwi kila mara. Roxana naye hakuelezwa. Alitazama gogo na maji yanavyopasuka, akajua.